Wanaume Thelathini na Mmoja wa Koti la Kahawia

Programu ya Nakshi ilianza na kidevu. Kilijitokeza polepole kwenye kioo cha mashine, pale picha ilipokuwa na tundu la mraba, kikafuatwa na mdomo, kisha pua, na Bibi Tusajigwe akasogeza kigoda chake mbele hadi paji lake likakaribia kugusa kioo. Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka juzi. La kulia, daktari wa macho alisema lingemvusha mpaka mvua za masika, na baada ya hapo hakuahidi kitu.

"Tulia, Bibi," alisema Bwana Nyagawa, afisa wa mkoa aliyeileta mashine ile. "Macho ndiyo yanakuja sasa hivi."

Macho yakaja. Yalikuwa makubwa, yenye kope ndefu, na yalimtazama Bibi moja kwa moja. Kijana wa miaka kumi na tisa, aliyeondoka Tukuyu miaka thelathini iliyopita kwenda kujenga reli na asirudi, alikuwa amekaa pale kwenye kioo ndani ya koti la kahawia, mikono juu ya magoti, akitabasamu kidogo.

"Ambwene," Bibi alisema. "Ambwene wangu."

Ukumbi wa kata ulilipuka kwa vigelegele. Gwantwa Mwaisaka, mtunza Nyumba ya Picha ya kata, mwanamke ambaye machozi yake huwa karibu kuliko ya mtoto mchanga, alilia mpaka akashindwa kuitoa picha ya karatasi kwenye skana. Naye alikuwa na sababu kuliko wenzake, maana tundu lile lilikatwa na baba yake.

Gwantwa alikuwa na miaka saba ilipopita dhoruba ya jua ambayo watu waliiita Mfuto. Kwa siku mbili tu, kila picha iliyokuwa ndani ya simu na mitambo ya dunia ilipotea, na kadi za uraia zikabaki vipande vya plastiki visivyosomeka. Serikali ikarudi kwenye kadi za karatasi. Karatasi ya picha ilikuwa kwa mgao, na kamera pekee iliyopatikana Tukuyu ilikuwa sanduku la mbao lenye lenzi isiyosogea, linalomchukua mtu kuanzia utosini hadi miguuni, apende asipende. Mzee Mwaisaka akawapiga watu hivyo hivyo, nakala moja kila mtu, kisha akashika mkasi akakata sura iende kwenye kadi. Kiwiliwili kilichobaki hakuwa na moyo wa kukitupa. Alipofariki aliacha sanduku la bati lenye viwiliwili elfu nne na mia mbili. Wenye sura zao walikuwa wametawanyika kwenye kambi za reli, machimboni na ng'ambo ya ziwa, kadi mfukoni, na wengi hawakurudi.

"Mmeona wenyewe," Bwana Nyagawa aliwaambia watu kelele zilipopungua. "Nakshi imesoma sura ya Bibi na za wajukuu zake wanne, ikakokotoa. Asilimia tisini na moja ndiye. Sasa jambo ni moja. Majaribio yakiisha mashine hii itabaki na programu moja, na mkishachagua mmejifunga kwa miaka mitano. Wiki iliyopita mlijaribu Ratibu, wiki hii Nakshi. Jumamosi kamati inachagua, na mtunza picha anaweka sahihi."

Watu wakacheka kusikia jina la Ratibu. Programu hiyo iliwatia usingizi wiki nzima. Ilizipanga picha zote elfu nne kwa umri wa karatasi, kwa mwanga, kwa nguo, kwa jinsi mkasi ulivyopita, kisha chini ya kila picha ikaandika neno moja: Hajulikani. Mwenyekiti wa kata, Mzee Mwambeje, alisema hadharani kwamba hata ng'ombe wake angeweza kuifanya kazi hiyo.

"Nani anataka Ratibu?" aliuliza sasa kwa utani.

Hakuna aliyenyanyua mkono. Gwantwa naye hakunyanyua.

*

Kesho yake asubuhi Gwantwa alitandaza picha sakafuni kwenye Nyumba ya Picha. Familia mia na ushee zilikuwa zimejiandikisha kutiliwa sura, na kila moja ilikuwa imechagua kiwiliwili chake sandukuni. Huyu alimtambua dada kwa gauni, yule alimtambua baba kwa fimbo. Gwantwa alikuwa akibandika majina huku akiimba chinichini, mpaka mkono wake uliposimama juu ya kiwiliwili cha mwanamume mmoja mnene.

Mwanamume yule alikuwa amevaa koti la Ambwene.

Aliitazama tena ile kola iliyochanika upande mmoja, na mfuko wa kifuani uliolegea. Akachukua picha nyingine, na nyingine, na alipofika ya tano akakaa sakafuni. Alikumbuka msumari nyuma ya mlango wa studio. Kanuni ya kadi ilitaka mwanamume apigwe picha akiwa na koti, na enzi zile nani alikuwa na koti? Baba alikuwa nalo moja, la kahawia, la wateja. Yeye mwenyewe, Gwantwa, akiwa mtoto, ndiye aliyelipiga brashi na kulipokeza kwa mtu baada ya mtu. Alilisahau kabisa! Jambo alilolishika kwa mikono yake kila siku limekaa miaka thelathini bila kumjia kichwani, na Bibi Tusajigwe alipochagua picha kwa kusema "hili ndilo koti alilovaa mwanangu siku ile," yeye Gwantwa ndiye aliyeitikia, "Kweli, Bibi, ndilo."

Alizihesabu. Koti lile lilikuwa limevaliwa na wanaume thelathini na mmoja.

Basi akafanya kitu alichojua kabisa hakitamfurahisha. Aliwasha mashine, akamweka yule mwanamume mnene kwenye skana, akaiambia Nakshi kwamba ni mtoto wa Bibi Tusajigwe. Kidevu kikaja. Mdomo ukaja. Macho makubwa yenye kope ndefu yakafunguka, na Ambwene akamtabasamia kutoka juu ya tumbo lisilo lake. Asilimia tisini na moja. Akamweka mwingine, mzee mwenye vidole vilivyopinda. Asilimia tisini. Mpaka saa nane mchana alikuwa na Ambwene thelathini na mmoja waliopangwa ukutani, wanene kwa wembamba, warefu kwa wafupi, wote wakimtazama kwa upendo uleule. Nakshi haikuuliza swali hata moja.

Bwana Nyagawa alimkuta hapo. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akazipitia zile sura ukutani moja moja.

"Programu haikukosea, dada Gwantwa," alisema hatimaye. "Umeiambia ni mtoto wa Bibi, imekupa mtoto wa Bibi."

"Ndiyo maana inaniogopesha."

"Nikuambie kitu, na usinielewe vibaya. Baba yangu nilimfahamu kwa simulizi tu. Mama ana picha yake ya Nakshi sebuleni. Kila asubuhi anaisalimia, anaiambia habari za mahindi, anaigombeza. Inawezekana sura ile si yake, sijui. Lakini mama alikuwa halali usingizi, na sasa analala. Wewe ungekuwa mimi, ungemwendea ukamwambia nini?"

Gwantwa alimpenda Bibi Tusajigwe, na alijua kwamba saa ile ile bibi yule alikuwa nyumbani kwake, jicho lake moja likila uso ulioning'inia ukutani. Kumnyang'anya kulikuwa ukatili. Kunyamaza nako kulikuwa wizi, maana kiwiliwili kile kilikuwa cha mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa na watu wake.

"Na tukichagua Nakshi," aliuliza, "hayo mapengo yanakwenda wapi?"

"Yanajazwa. Kwenye kumbukumbu inabaki picha kamili tu." Bwana Nyagawa alisita, kisha akaongea kama mtu aliyeamua kuwa mkweli mpaka mwisho. "Ratibu inaliacha pengo lilivyo. Tena Ratibu za kata zote zinawasiliana. Nyingine ziko huko kambini, zina masanduku ya kadi za marehemu. Zinalinganisha ukingo wa pengo hapa na ukingo wa sura kule. Mkasi hauwezi kupita mara mbili sawasawa. Lakini inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua miaka kumi, na inaweza isipate chochote. Huyo bibi ana macho mpaka masika."

*

Alikwenda kwa Bibi jioni, miguu mizito. Picha ilikuwa imetundikwa karibu na dirisha, palipokuwa na mwanga mzuri kuliko kote nyumbani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Njoo umwone vizuri, mchana anapendeza zaidi." Bibi Tusajigwe alikuwa amechangamka, amejifunga kitenge kipya. "Ndaga, Gwantwa. Asante sana. Baba yako angekuwepo ningemshukuru na yeye."

Hapo Gwantwa alishindwa kujikaza. Machozi yakatangulia, maneno yakafuata nyuma, na yote yakatoka bila mpangilio: msumari, koti, wateja, wanaume thelathini na mmoja. Bibi alimsikiliza bila kumkatiza. Uso wake uliochangamka ulianza kufifia kidogo kidogo.

"Unasema huyu si Ambwene."

"Sijui, Bibi. Anaweza kuwa yeye. Lakini wapo thelathini waliovaa hivyo hivyo."

"Mimi koti nalijua."

"Wote wanalo, Bibi. Kola ni ile ile iliyochanika. Mfuko ni ule ule. Hata kifungo cha kati kinachokosekana, hapa tumboni, kwenye picha nyingine nako kinakosekana..."

"Kifungo gani?"

"Cha kati. Huyu hana."

Bibi Tusajigwe alinyanyuka. Aliuendea ukuta, akapapasa kioo cha picha kana kwamba vidole vingeona kile ambacho jicho halikuona, kisha akageuka.

"Haiwezekani," alisema. "Kifungo cha kati nilikishona mimi. Pale pale studio, baba yako amesimama na kamera yake ananiambia nifanye haraka jua linakwenda. Nilisema mwanangu hatapigwa picha ya serikali tumbo wazi. Nikang'oa kifungo cha sweta yangu, cheupe, nikamshonea akiwa na koti mwilini. Nilimchoma sindano, akaruka!" Alicheka kidogo. "Nilikuwa nimesahau. Ee Mungu, kitu kama kile nilikisahauje?"

Walitazamana, wanawake wawili waliosahau koti moja kila mtu kwa njia yake. Kisha Bibi akachukua shali.

"Twende."

Ratibu bado ilikuwa ndani ya mashine mpaka siku ya uchaguzi. Gwantwa aliipa picha thelathini na moja na swali moja: kwa uchakavu wa koti, nani wa kwanza kuwa na kifungo cheupe, na je, ndiye Ambwene? Haikuchukua hata dakika. Ilifuata nyuzi za mkono wa kushoto, zilizokuwa zikifumuka kidogo zaidi kutoka picha hadi picha, ikawapanga wanaume wale foleni. Tisa wa kwanza hawakuwa na kifungo cha kati. Kuanzia wa kumi hadi wa thelathini na moja, kifungo kilikuwepo, kidogo, cheupe, kisicholingana na wenzake.

Ratibu haikusema ndiye. Chini ya picha ya kumi iliandika: Huenda.

Gwantwa aliikuza ijae kioo kizima. Kijana alikuwa mwembamba. Mikono ya koti ilimfunika mpaka kwenye vidole, na bega moja lilikuwa limepanda juu, la mtu aliyetoka kuchomwa sindano sasa hivi. Juu ya kola hapakuwa na kitu ila tundu.

Bibi alitazama kwa muda mrefu, akisogea na kurudi nyuma.

"Alikuwa mdogo hivi," alisema. "Mimi miaka yote nilimwona mkubwa. Nilimwachia aende, Gwantwa, kumbe alikuwa mdogo hivi."

Gwantwa alimshika mabega wakalia pamoja, na safari hii hakuna aliyemtangulia mwenzake.

*

Siku ya Jumamosi ukumbi ulijaa hadi nje. Mzee Mwambeje alikwisha andaa hotuba ya kuikaribisha Nakshi. Alikuwa amefungua kinywa tu Bibi Tusajigwe alipopita katikati ya watu na fremu kwapani, akaiweka mezani mbele ya kamati.

"Narudisha," alisema.

"Bibi, imeharibika?"

"Haina ubaya wowote. Nzuri mno. Nimekaa naye siku nne na nimempenda, sitawadanganya. Lakini nimemvalisha mwanangu mwili wa mtu, na mtu huyu ana mama yake. Labda yuko humu ndani. Labda ni wewe." Alimwelekezea kidole mama mmoja wa safu ya mbele, ambaye alishtuka akashika kifua. "Utakuja kumtafuta mtoto wako sandukuni, utamkuta amekuwa Ambwene. Utamlilia nani?"

Gwantwa alisimama akaeleza habari ya koti, na hakujificha kwamba yeye ndiye aliyelipiga brashi na akasahau. Minong'ono ikapita ukumbini. Watu walianza kuziangalia karatasi zao za kujiandikisha. Gauni lile, mbona na dada yake fulani alikuwa nalo? Fimbo ile haikuwa ya studio?

"Bibi," Bwana Nyagawa aliuliza kwa sauti ya upole, "umeelewa kwamba Ratibu inaweza isimpate? Masika ni mwezi wa tatu."

"Baba, kuhesabu miezi naweza. Nikimpata, nimshukuru Mungu. Nisipompata, angalau hakuna atakayekaa kwenye kiti chake."

Mzee Mwambeje aliikunja hotuba akaitia mfukoni. Kura ilikuwa ndefu na ya kubishana, kuna waliotoka nje kwa hasira, na Ratibu ilishinda kwa tofauti ya kura nne tu. Gwantwa aliweka sahihi. Alikuwa na furaha, na aliogopa sana, maana kama masika yangefika kabla ya jibu, angekutana na macho yale, yote mawili yamezimika, kila siku ya maisha yake.

Bwana Nyagawa alifunga Nakshi kwenye mkoba. Kabla ya kuondoka alimpa Gwantwa karatasi yenye jina la baba yake mwenyewe na kambi alikofia. "Siku ukipata nafasi," alisema, akaenda zake haraka.

*

Desemba, Ratibu ilipata sura ya muuza maziwa wa zamani kutoka ng'ambo ya ziwa. Januari ilipata tatu, moja ya mwanamke ambaye familia mbili zilikuwa zimegombania kiwiliwili chake, na akaonekana si wa yeyote kati yao. Mwenye mwili ule wa kwanza, aliyevalishwa sura ya Ambwene, alitundikwa ukutani kwenye Nyumba ya Picha na tundu lake, kwa jina la Hajulikani. Bibi alipita kumsalimia kila Jumatatu. Februari yote Ratibu ilinyamaza, na Bibi akaanza kushika ukuta akitembea.

Tarehe sita Machi, saa nne asubuhi, mawingu yakiwa yameshafunika mlima Rungwe, mashine ililia mara moja. Jibu lilitoka kwenye sanduku la kadi la kambi ya zamani ya reli. Ukingo wa sura na ukingo wa pengo la picha ya kumi vililingana, pande zote nne, pamoja na kona moja ambapo mkasi wa Mzee Mwaisaka uliteleza.

Mara hii Ratibu haikuandika huenda. Iliandika: Ndiye.

Gwantwa hakuifungua picha. Alimkimbilia Bibi, akamleta kwa kumshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho. Ndipo akafungua.

Kijana alikuwa na chunusi puani. Mdomo ulikuwa umekaa upande. Na macho hayakuwepo: alikuwa ameyafumba yote mawili, amekunja uso mzima kama aliyelamba ndimu. Karatasi ilikuwa kwa mgao, hapakuwa na kurudia, na Mzee Mwaisaka alimkata hivyo hivyo akampeleka kwenye kadi ya taifa.

Bibi alikuwa amengoja miaka thelathini kuyaona macho yale.

"Bibi," Gwantwa alianza, "amefumba... Bwana Nyagawa anaweza, nikimwomba, kuyafungua macho tu. Macho peke yake."

Bibi Tusajigwe alikuwa ameshainama mpaka pua yake inagusa kioo. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na ilimchukua Gwantwa muda kugundua kwamba kile hakikuwa kilio. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, machozi yakamtiririka, akapiga paja lake kofi.

"Ndiye!" alisema. "Mtoto huyu! Kipaimara alifumba, harusi ya shangazi yake alifumba, hakuna picha hata moja aliyowahi kufumbua macho! Nilimwambia siku ile, nikamwambia, Ambwene, leo ni ya serikali, tafadhali."

Alimpapasa usoni kwa kidole kimoja, kutoka chunusi hadi kope.

"Muache alivyo," alisema. "Macho yake nayajua mimi."